Jipu Jeupe la Dezire

Kila Jumamosi nafungua kabati la sebuleni, natoa magari yangu madogo ya chuma moja moja na kuyafuta kwa kitambaa laini. Nikimaliza, kabla ya kunawa, nanusa viganja vyangu. Msinicheke. Chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho kina harufu yake, na harufu hiyo hunirudisha Rumonge, kwenye nyumba yetu iliyokuwa juu kidogo ya ziwa, katika siku zile nilipoamini kwamba nakufa.

Mume wangu anashangaa mwanamke mzima ana haja gani na magari ya kuchezea. Nimemwambia mara nyingi kwamba hayachezewi, yanatazamwa. Nina kundi la wenzangu tunaoonyeshana picha kwenye simu na kuazimana, na wapo humo wanaoweza kubishana juu ya taa ya nyuma hadi chai ikapoa. Tunaoelewana tunaelewana.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Bibi yangu alikimbilia huko akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akarudi mzee, akakuta shamba la michikichi la babu lina wenyewe. Familia ya Mama Dezire ilikuwa imepewa shamba lile zamani, ikalilima, ikazika watu wake humo. Wakubwa wa serikali wakaja, wakapima, wakalikata katikati. Ukapandwa ua wa minyaa, sisi huku, wao kule, na kila upande ukaamini kwamba umeibiwa nusu. Watu wazima walisalimiana “amahoro” bila kupunguza mwendo.

Mama alituwekea sheria moja: usile wala usinywe kitu cha upande wa pili. Kwetu sumu si hadithi ya kutishia watoto. Hata leo, mtu akikukaribisha kinywaji, huonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Huko ndiko kutoa sumu. Na asiyekutakia mema hawezi kukutolea, kwa hiyo kwake hunywi, hata koo likikauka.

Lakini gari haliliwi. Hivyo ndivyo nilivyojihesabia haki.

Baba aliuza mitumba sokoni, na mara nyingine katikati ya nguo za watoto kulijificha kigari. Nilikuwa na lori la zimamoto lisilo na ngazi, teksi ya njano na basi lililopungukiwa gurudumu. Dezire, tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa na gari moja tu, ila gari lenyewe! Mama yake wa ubatizo alimtumia kutoka Ulaya: jipu jeupe, milango inafunguka, boneti inafunguka na injini unaiona, na ukizungusha usukani kwa ncha ya ukucha, magurudumu ya mbele yanageuka. Tulibadilishana kwenye pengo la ua. Yeye alichukua lori langu, mimi nikachukua jipu lake, mpaka Jumapili nyingine baada ya ibada. Nililala nalo. Vioo vikishika vumbi niliviramba kwa ulimi hadi viti vya ndani vikaonekana vizuri, na mshono wa viti hivyo naukumbuka mpaka kesho.

Ndipo homa ikanishika. Nilitetemeka chini ya mablanketi mchana wa jua kali. Kituo cha afya walitoboa kidole, wakasema malaria, wakatoa vidonge. Mama aliridhika. Bibi hakuridhika.

“Hata mbu anaweza kutumwa,” alisema. Akaketi kando ya mkeka. “Umekula nini kwa watu?”

“Sijala kitu, Bibi.”

“Umeshika nini?”

Nilifunua blanketi. Bibi aliliona jipu akarudi nyuma kama aliyeona nyoka amejikunja. Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo sana, kama nimelitia mdomoni. Nikasema ndiyo.

Sijawahi kuogopa vile tena, na nimeshazaa mara tatu. Nilihisi sumu ikitembea, ikipanda kutoka tumboni kuja kooni. Nilimeza mate na kusikiliza kama yanapita. Jipu lilibebwa kwa jani la mgomba, likawekwa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, na Bibi akawa anafukuza kuku wasilidonoe. Habari ikatoka, sijui kwa mdomo wa nani. Jioni ile baba mdogo Eliya akaja na vijana anaokata nao mikungu ya michikichi. Walikuwa na mapanga, kama siku zote. Ila siku zote walipita wakienda kazini. Siku hiyo walisimama.

“Tutaenda kuwauliza,” alisema baba mdogo.

“Kuuliza nini? Mutoto iko na malaria,” alisema Baba.

“Tutauliza tu.”

Nilijua maana ya kuuliza kwa namna ile. Kule nyuma ya Muhuta waliulizwa watu fulani, na asubuhi nyumba yao ilikuwa kuta tupu. Nikalia. Baba mdogo alidhani nalia kwa maumivu, akazidi kukasirika. Baba akamsihi wangoje mpaka kesho, waone kama naamka. Ndivyo uhai wa nyumba ya Dezire ulivyoning'inia kwenye homa yangu, nami nikiwa na umri wa kuogopa giza la chooni.

Asubuhi, vijana wakiwa wamesharudi na kuegemea ukuta, Mama Dezire aliingia uani peke yake. Mikono mitupu. Kwetu mgonjwa hatembelewi hivyo. Huletewa japo ndizi mbili, na Mama aliguna. Lakini fikirini wenyewe, angeleta nini ambacho tungekigusa? Mimi nilikuwa nimelazwa mlangoni nipate hewa, nikaona yote.

“Amahoro, Bibi.”

“Amahoro.”

“Nasikia gari ya mutoto wangu imetia sumu mutoto wenu.”

“Ndivyo watu wanavyosema.”

“Iko wapi?”

Bibi akaelekeza kidevu kwenye kinu. Mama Dezire alilichukua jipu, akalishika kwa muda mrefu, akiligeuza huku na huku, midomo ikichezacheza. Nilidhani anavutiwa nalo, kama mimi. Kisha akaliramba. Aliramba boneti, paa, vioo, akafungua milango kwa ukucha akaramba na ndani, halafu akatia pua yote ya gari mdomoni, akainyonya kama mfupa. Akalifuta kwa kitenge chake na kulirudisha juu ya kinu. Akakaa chini, katikati ya uani.

“Nabaki hapa mpaka mutoto aamuke,” alisema. “Nikikufa, munizike upande wenu.”

Hakuna aliyecheka, ingawa sasa nikikumbuka nacheka. Jua lilipanda. Vijana walianza kuondoka mmoja mmoja, wakisema mikungu haijikati yenyewe, na baba mdogo akawafuata bila kuaga. Jua lilipokuwa limepita utosini nilitoka jasho, nikaomba uji. Bibi aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Alisimama mbele ya Mama Dezire, akanywa funda moja, akampa.

“Murakoze,” alisema Mama Dezire, akanywa mpaka mwisho. Akasimama, akatoka haraka bila kupiga stori, nikaona ana maringo.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya mtu mwenye mikono safi. Nilisema, anayejua hakutia sumu anaramba bila hofu, ajabu iko wapi? Hata nilidhani mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote.

Dezire sasa ni mwalimu huko Kabezi, na yumo katika kundi letu la magari. Mwezi uliopita aliniletea basi dogo la kuazima, tukakaa tukazungumza, ndipo akaniambia. Magari yangu yote niliyokuwa nikimwazima, mama yake aliyachemsha kwenye sufuria kabla hajamruhusu kuyagusa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nao walikuwa na nyoka wao, ambaye ni sisi. Na jipu lile lilikuwa limelala uani kwetu usiku kucha, kwa watu waliotaka michikichi yake, juu ya kinu chetu. Alijua fika tungeweza kulipaka nini. Ndicho alichokuwa akikitafuta alipoligeuza huku na huku.

Kabla ya kuja aliwaogesha watoto, akawavisha nguo za kanisani. Akamwambia binti yake mkubwa, “Jua likifika utosini na mimi sijarudi, chukua wadogo zako muende kwa nyanya yenu Bugarama, kwa njia ya juu, na musipite kwa wale kuniuliza.”

Dezire anasema walikuwa wameshapanda mlima, dada yake akiwa na mdogo mgongoni, waliposikia sauti ya mama yao ikiwaita kutoka nyuma. Waliendelea kutembea. Hakuna aliyethubutu kugeuka, kwa sababu jua lilikuwa limeshapita utosini, na walijua ameshakufa.