Moduli Niliyomwekea Baba Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzisahau, na kuna zile ambazo parokia nzima inakusaidia kuzikumbuka. Yangu ni ya aina ya pili. Mpaka leo kina mama wa kwaya pale mtaani kwetu Panda wakiniona naenda kukomunika wanagusana viwiko, na mimi natembea macho chini kama mtawa (nami siye kabisa).

Habari yenyewe ni hivi. Nilitaka kumwoa Mireille, na baba yake, Papa Kabeya, alikataa hata kuwapokea wazee wangu kwa sababu moja tu: alisema sina kazi. Ninayo, nikamwambia, natengeneza tovuti. Lakini huyu alikuwa karani wa kampuni ya migodi, na miaka ya tisini kampuni ilipoanguka yeye aliendelea kwenda ofisini kila asubuhi, tai shingoni, bila mshahara, na nyumbani wanalala na njaa. Mtu wa namna hiyo akisikia neno "kazi" anauliza maswali.

"Weye unaikalaka ku kiti, unaangaliaka kioo," aliniambia. "Ile haina kazi. Ile ni kupumuzika."

Bahati ikaja, baraza la parokia likaniomba tovuti, na rais wa baraza alikuwa Papa Kabeya mwenyewe. Tukapatana niionyeshe ukutani kwa projekta, Jumapili baada ya misa, mbele ya watu wote. Mireille aliiona ilipokwisha, akaniambia, "Iko muzuri vile. Usiongeze tena kintu."

Sasa, ugonjwa wangu ni huu. Programu inayoendesha tovuti unaweza kuiongezea vipande vidogo, ndizo moduli, kila kimoja na kazi yake, kama mtu anavyoongeza chumba nyuma ya nyumba. Nilishaweka ya kalenda ya misa, ya ramani, ya kuhesabu wageni. Jumapili asubuhi, nimeshavaa suti, nikaona nyingine: chini ya kila ukurasa inaweka picha za kurasa nyingine na maneno "Utapenda pia". Nikasema hii tu, ya mwisho. Nikaiweka, umeme ukakatika kabla sijaitazama, nikaenda misani naimba.

(Ngoja niwaambie jambo hapa. Kwa uvivu, tovuti zangu zote tatu nilizikalisha ndani ya programu moja: ya parokia, ya nganda ya Maman Béa kule Shituru, kwenye bia na mbuzi wa kuchoma, na ya fundi Kasongo, seremala wa majeneza. Moduli haijui nani padri nani muuza bia. Inachota popote.)

Ukumbi ulijaa. Jenereta ya parokia ikanguruma, ukurasa wa kwanza ukatokea ukutani, picha ya kwaya imesimama na mavazi meupe, watu wakapiga makofi, nami nikashuka chini ya ukurasa kwa madaha: "Utapenda pia: bia baridi na mbuzi, Shituru." Vijana wakacheka. Padri naye, nadhani. Mwenye akili angezima palepale, lakini mimi nikakimbilia ukurasa mwingine, na ukurasa nilioukimbilia ulikuwa "Neno la Rais wa Baraza", picha kubwa ya Papa Kabeya anatabasamu, na chini yake majeneza matatu yamepangwa vizuri. Utapenda pia.

Papa Kabeya akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama tena.

"Mutoto," akasema polepole, "uliona minye niko karibu kufwa?"

Kabla sijajibu, fundi Kasongo akasimama kule nyuma, furaha tele. "Ile ni ya kwangu, ba papa. Ni mukula, muti ya nguvu, muntu analala mule muzuri." Watu wakainuka wakamzunguka, huyu anauliza kama anatengeneza na vitanda, yule anauliza anakaa wapi. Mimi kwa kiherehere, badala ya kuitoa ile moduli, nikawasha nyingine ya kuificha (ndiyo, nilifanya hivyo), zikagombana, ukuta wote ukawa mweupe, kwaya, kalenda, rais, vyote vimetoweka.

Nilitaka kukimbia. Kweli kabisa. Lakini wateja wa Kasongo walikuwa wameziba mlango, basi nikabaki pale pembeni ya mashine, jasho linanitoka, na kwa kukosa la kufanya nikasema, "Papa, ni minye nilikosea." Akachukua kofia yake akatoka, yeye wateja wale wakampisha. Nikajua nimempoteza Mireille.

Siku chache baadaye mzee akatuma niitwe. Nikaenda roho mkononi.

"Ku bureau, kule ku kampuni, nilionaka bantu banakosea," akasema. "Bote banakimbia, banasema ni mwengine. Weye ulibakia. Leta bazee bako."

Sikumwambia habari ya mlango. Mpaka leo sijamwambia, na nyinyi nawaomba mnyamaze.

Siku ya mahari wazee wetu wakakaa, Papa Kabeya akataja yanayotakiwa: mbuzi, suti, vitenge vya mama. Mjomba wangu akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Mzee akanigeukia, uso mkavu. "Na mutapenda pia," akasema, akaanza upya.

Nilitoa vyote, bila kubishana. Na nimeapa: kitu kikishafanya kazi, nakiacha kama kilivyo.