Nywele za Rangi ya Bibo

Mimi ndiye yule fundi nywele wa Mbekenyera niliyemwambia bibi harusi wa Ruangwa kwamba kumwekea nywele za blondi ni kazi ndogo. Sikuwahi kuifanya, basi nikajaribia nyumbani kwenye kichwa changu mwenyewe, nikasahau kwamba nimekipaka piko nyeusi miaka yote. Blichi ikagoma. Utosini nywele zikawa njano kama bibo la mkorosho lililoiva, ncha zikabaki nyeusi. Nikapaka tona ili kutuliza ile njano, katikati pakawa kijani.

Nikajifunga mtandio, nikapanda bodaboda.

Chumbani kwa bibi harusi walikuwa wanawake peke yao, na wote walishavua mitandio isipokuwa mimi fundi. Shangazi wa bibi harusi akaniuliza, "Mwanangu, mbona umejifunika na joto hili?"

"Kichwa kinaniuma, shangazi."

"Pole. Njoo nikukande."

Nilikataa kwa adabu, yeye akasisitiza kwa upendo, mtandio ukabaki mkononi mwake. Hakuna aliyecheka, heri wangecheka. Bibi harusi, aliyekuwa ameshakaa kitini na taulo mabegani, alinitazama vizuri, akainuka, akauchukua mtandio wangu, akajifunika kichwa chake.