Nilimfundisha Mbwa Kumrukia Anayesalimia

Mbwa hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, na kwa kuwa baba yangu hasomi mambo haya, acha niyamwage yote hapa kabla sijapasuka.

Niko kidato cha tatu hapa Bariadi. Shuleni nafahamika kwa masihara kuliko kwa hesabu. Nyumbani tulikuwa na mbwa, Sijali, mwekundu, sikio moja limelala. Tangu mdogo alipenda kumrukia kila anayeingia. Baba akaniambia, "Mrekebishe mapema." Mimi nikaona kipaji!

Sisi Wasukuma salamu ina heshima zake. Unasema "Mwangaluka!" huku umeinama au umekunja goti. Nikawaza: vipi mbwa akikurukia hapo hapo ulipoinama? Nikaanza kutembea na dagaa mfukoni. Rafiki yangu Shija anaamkia, anainama, Sijali anamrukia na kumlamba uso, mimi natoa dagaa. Wiki mbili tu, kawa fundi!

Jamani, tulicheka mpaka mbavu zikauma! Watoto wa mtaa mzima wakaja kujaribu. Kila mmoja nikamwelekeza: inama, akikurukia mpe dagaa. Nilijiona mkuu wa chuo.

Jumamosi moja asubuhi Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Migato na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Alipofika uani akaita, "Mwangaluka!" Akainama kutua furushi.

Lo! Sijali alichomoka, miguu ya mbele mabegani kwa Bibi. Bibi chini, michembe huku, kilemba kule, mkono umevunjika. Halafu yule mbwa akaja mbio kwangu, akanusa mfuko wangu. Anadai dagaa wake!

"Huyu mbwa ana wazimu!" Baba alifoka waliporudi kutoka hospitali, Bibi amefungwa plasta ngumu. "Haya mambo kajifunzia wapi?"

"Sijui, Baba."

Sijui! Neno moja tu.

"Nakupa wiki moja," akasema. "Akimrukia mtu tena, anakwenda Maswa kwa wachunga ng'ombe. Huko hawabembelezi mbwa."

Basi nikaanza fujo. Nikampiga na ndala, nikampigia kelele. Kwanza akadhani ni mchezo mpya. Siku ya pili akawa ananywea nikimwita, lakini wageni anawarukia vile vile! Nilikasirika mpaka nikatupa ndala juu ya bati.

Bwana mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe wa jirani aliniona. "We kijana, unamchapa kwa kazi uliyomlipa? Acha kumlipa! Akiruka, mpe mgongo. Usimtazame, usimsemeshe. Miguu yote minne ikiwa chini, ndipo umpe. Na watu wote wafanye hivyo. Mmoja akimchekea, mmerudi mwanzo."

Nikafuata. Siku ya tano Shija akainama, "Mwangaluka!" Sijali akatetemeka mwili mzima, mkia unafagia vumbi, lakini hakuruka. Nusura nilie!

Tatizo wale watoto. Kila nikienda shule wanapenya kwenye michongoma: "Mwangaluka!" Dagaa. "Mwangaluka!" Dagaa. Nikawafukuza, wakanicheka: "Kaka, si wewe uliyetufundisha?"

Wangesikia kama Baba angepita kwa wazazi wao. Lakini kumwambia Baba ilikuwa kujitaja. Dawa naijua, naogopa kuinywa! Hapo ndipo nilipomsaliti Sijali.

Siku ya saba Baba akasimama uani, akainama yeye mwenyewe. "Mwangaluka!"

Sijali akanitazama, miguu ya mbele tayari inainuka. Nikampa mgongo haraka, kama tulivyozoea. Nikasikia kishindo. Nilipogeuka, alikuwa anamlamba Baba mpaka masikioni! Kisha akanijia mbio, akakaa mbele yangu, miguu yote minne chini, katulia kama mwanafunzi bora. Kafanya masomo yangu yote mawili, anasubiri dagaa.

Ningesema hapo hapo. Mdomo ukakataa.

Mchana huo akafungwa kamba, akapakiwa kwenye pikipiki ya mizigo. Alinitazama huku anatikisa mkia. Nikampa mgongo ili asinione nalia. Nimekumbuka baadaye maana ya mgongo kwake: umekosea. Ameondoka akijua amekosea, na hajui kosa gani!

Pamba ya Bibi imepasuka shambani, na mkono wake wa kuchumia unaning'inia kwenye kitambaa. Kila Jumamosi naenda Migato kuichuma mimi. Wananisifu, "Mjukuu ana huruma huyu!" Laiti wangejua!

Juzi nilimwamkia Bibi, nikainama. Kabla hajaitikia, akaushika mkono wake mgonjwa na kuchungulia nyuma yangu. Halafu akauliza taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, yule mbwa wanamlisha vizuri huko?"

Nikakimbilia pamba.

Wewe mwenye mbwa mdogo anayerukaruka, unacheka na kumrushia mfupa: acha leo! Kinachokuchekesha akiwa mdogo, akikua kitamwangusha mtu. Na kama umeshaharibu, sema siku ile ile ya kwanza, hata kama fimbo inakusubiri. Fimbo ya Baba ingeniuma jioni moja. Mbwa wangu yuko Maswa, na mimi neno langu kwa Baba bado ni lile lile, "sijui".