Bagamoyo, Mke Wangu na Baba Mkwe Wake

Mwanangu, nimeuona mpango wa likizo uliobandika ukutani, kila saa na kazi yake, nikakumbuka siku zangu za Bagamoyo. Kaa nikueleze, maana na mimi niliwahi kuwa na kichwa kigumu kama chako.

Nilikuwa kijana, duka langu pale Tunduma linakwenda vizuri, nikaamua kuipeleka familia pwani: mke wangu Atupele, watoto wawili, Tumaini na mdogo wake, na baba yangu niliyemfuata kijijini kwetu Ileje. Sisi Wandali tuna desturi yetu. Mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wakipishana njiani, mke anachepuka na mzee naye anageuka. Hawali pamoja wala hawasemezani. Salamu hupitia kwa watoto. Hiyo ni heshima, si chuki. Mimi nikajisemea kwamba hayo tumeyaacha kijijini, na katika mpango wangu wa safari nikaandika kwamba kila mahali tutatembea pamoja.

Siku ya kwanza tukaenda kwenye magofu ya Kaole. Baba akitangulia na watoto, Atupele anabaki nyuma; baba akirudi, Atupele anajibanza nyuma ya ukuta. Wageni wengine wakaanza kututazama. Nikaona aibu, nikamfokea mke wangu mbele yao.

"Toka huko! Nimekuleta utembee, si ujifiche!"

Akatoka, macho chini. Baba alipomwona alishtuka, akajifunika uso kwa kofia na kugeuka upesi. Akajikwaa kwenye mawe, akaanguka, goti likachubuka. Atupele alikuwa karibu naye kuliko sisi wote, na hakuweza hata kumpa mkono. Alilia kimyakimya mpaka tukafika nyumba ya wageni.

Baba akaniita chumbani kwake.

"Mkeo amenitunzia heshima miaka sita," akasema. "Leo wewe umemvunjia yake mbele ya watu. Umetuleta tupumzike, au umetuleta tupigwe picha?"

Goti lile lilipona wiki hiyohiyo, mwanangu, lakini maneno yale yananichoma hadi leo.

Niliuchana mpango wangu. Nikamwomba Atupele msamaha, kisha nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza kabla hatujapanda basi: yeye anataka nini?

"Baba Tumaini, nataka kuingia baharini na wanangu, mkwe wangu akiwa mbali."

Kesho yake baba mwenyewe akachagua pa kukaa, nyuma ya ukuta wa nyumba moja ya zamani karibu na ufuko. Tukaipa bahari mgongo, tukanywa kahawa. Punde tukasikia mtu anacheka kwa sauti, anapiga kelele kila wimbi likija, na watoto wanamjibu.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni mkweo, baba."

Hakugeuka. Aliweka kikombe chini, akasema polepole, "Miaka sita, na leo ndiyo nasikia kicheko chake." Machozi yalimlenga, na mimi pia.

Basi mwanangu, kabla hujapanga mtakwenda wapi, muulize kila mmoja wenu anapumzika vipi. Mzee mpe nafasi yake, mkeo mpe yake, wala usione haya kutembea makundi mawili. Utaona wote wanarudi na furaha. Nenda, Mungu awatangulie njiani, na awape likizo ambayo hakuna atakayeimaliza amejificha.