Chupa ya Maji ya Shemeji

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali: meza mbili, sinki moja, na muuguzi ambaye kila mtu alimwita Mama Bendeji. Alikuwa ameosha vidonda humo miaka ishirini na sita. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi wake mkali. Mgonjwa aliyechelewa kuja alisemwa mpaka akasahau kidonda, akabaki kuuguza masikio.

Mwaka ule alianza kuona majipu ya ajabu. Hayakutokea juu ya ngozi. Yalijificha ndani ya msuli wa tako wiki tatu, nne, kisha nyama ikavimba na kukakamaa kama gogo. Daktari akipasua, usaha unajaa bakuli. La tano alikuwa nalo mshonaji wa nguo wa mtaani kwao, aliyeletwa akiwa amebebwa na mumewe. Kwake nyama ilikuwa imeshaoza, ikabidi likatwe pande la msuli ukubwa wa kiganja.

Mama Bendeji akawauliza wote swali moja: sindano mlichomwa wapi? Wanne walijibu papo hapo, na jibu lilikuwa moja: kwa daktari wa nyuma ya maduka. Mshonaji aligeukia ukutani.

"Si wewe uliyenielekeza, dada? Ulisema foleni ya huku ni ndefu, niende kwa shemeji yako."

Shemeji huyo, mdogo wa mume wa Mama Bendeji, zamani alikuwa mtunza stoo ya dawa. Akanunua koti jeupe, akafungua chumba nyuma ya maduka, watu wakamwita daktari naye akaitika.

Mama Bendeji alitoka na sare yake mchana uleule. Alimkuta shemeji amemlaza mtu kifudifudi, sindano mkononi. Sindano ilikuwa mpya, hilo halikuwa na ubishi. Lakini dirishani, juani, ilisimama chupa kubwa ya maji ya kuchanganyia dawa ya unga. Mpira wa kifuniko ulikuwa umetobolewa mpaka ukawa chujio. Kando yake, kopo la pamba iliyolowekwa lilinuka kama bwawa.

Aliuliza chupa ile ilifunguliwa lini. Shemeji hakukumbuka. Alieleza tu kwamba maji yakipungua huongeza mengine aliyochemsha nyumbani.

"Maji ni maji, shemeji," alisema akicheka. "Wadudu wakali wako huko kwenu hospitali."

Ni kicheko kile kilichomchemsha damu Mama Bendeji. Alimwambia mgonjwa apandishe suruali aende zake. Akafunga chupa na kopo ndani ya aproni yake, akavipeleka maabara kwa miguu, shemeji akimfuata nyuma, kwanza akibembeleza, halafu akitukana.

Majibu yalipotoka, bakteria wa kwenye maji walikuwa walewale wa kwenye usaha. Mama Bendeji aliandika barua kwa mkono wake, akataja jina, akampelekea afisa afya.

Ukoo ukaitana. Mama mkwe alisema mambo ya ndani hayaanikwi uani. Mumewe alimsihi aandike kwamba alikosea. Aliwasikiliza wote mpaka mwisho.

"Twendeni wodini sasa hivi, sote," alisema. "Atakayemwangalia yule mshonaji usoni akamwambia nilikosea, barua nitaichana mbele yake."

Hakuna aliyeinuka.

Chumba cha shemeji kilifungwa kwa kufuli la serikali. Wagonjwa walitafutwa, wakafika kumi na mmoja. Shemeji alifikishwa mahakamani, na mpaka leo husema alionewa kijicho. Mama mkwe hajibu salamu. Mume alinuna miezi miwili, kisha siku moja akauliza chai iko wapi, yakaishia hapo.

Mshonaji alirudi kwenye cherehani, akikalia upande mmoja, mto chini ya paja, akisukuma pedali kwa mguu wa kushoto. Kidonda chake kilichukua miezi minne kufunga, na Mama Bendeji hakumwachia muuguzi mwingine amguse.

Asubuhi moja mshonaji akasema, "Bado sijakusamehe."

"Sikukuomba," Mama Bendeji alimjibu. "Hata mimi sijajisamehe. Lala vizuri, naondoa bendeji."

Siku hizi haelekezi mtu kokote. Foleni ikiwa ndefu, anawaambia wasubiri, tena kwa sauti ambayo ikisikika hakuna anayethubutu kuondoka.