Rangi ya Kutosha Kuta Zote

Mama alikuja kwangu Mbeya kutibiwa goti, na siku moja tulipokuwa tunatoka kliniki kuelekea kwenye chumba changu cha kushonea mapazia pale Mwanjelwa, akasimama ghafla mbele ya duka la dawa. Nilidhani goti limemkamata. Kumbe alikuwa anatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya waridi iliyokolea kidogo, kama pera lililoiva ukilipasua. Akausogelea, akauwekea kiganja, akakaa hivyo mpaka muuza dawa akatoka kuuliza kama mgonjwa wetu anahitaji kiti.

"Sihitaji kiti, mwanangu," Mama akamjibu. "Nahitaji hii."

Nyumba ambayo mama yangu alitaka ipakwe rangi ile iko Ipogolo, pale chini ya mlima wa Iringa mjini, hatua chache kutoka barabara kuu. Aliijenga mwenyewe baada ya baba yetu kufariki, kwa kuuza nyanya na vitunguu kwa wasafiri. Vyumba vya mbele vilisimama nikiwa bado sekondari. Vya nyuma vilikuja baadaye sana, baada ya mimi na mdogo wangu wa kiume kuondoka nyumbani. Mbele kulipigwa lipu zamani, ikapauka kwa jua na mvua. Nyuma lipu ilikuwa ya juzijuzi, bado ina kijivu cha saruji. Watu wote waliijua kama nyumba ya yule mama wa nyanya, na haikuwahi kuonja rangi.

Muuza dawa alitwambia rangi ile ilichanganywa kwa mashine kwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili. Tukaenda. Mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitupokea vizuri, akatafuta namba ya rangi yenyewe, kisha akatuonya.

"Mama, mchukue yote kwa mkupuo mmoja. Mkirudi mwezi ujao nitachanganya ileile, lakini macho yatawaambia siyo ileile. Nyumba itakuwa na viraka."

"Basi tupe ya kutosha," Mama akasema.

"Nyumba ina vyumba vingapi?"

Mama akamtajia. Mzee akatazama juu kwenye bati la duka lake, midomo ikicheza, akataja idadi ya ndoo ambayo ilinifanya nikohoe. Nikamwomba atupe muda. Nikamwambia naenda kupima kwanza.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, anayefanya kazi Dodoma. Alifurahi kusikia habari ya rangi, akasema atachangia. Lakini nilipomweleza kwamba nitasafiri mpaka Ipogolo kupima kuta, akacheka.

"Dada, nyumba siyo pazia. Mwite fundi aitazame kwa macho, akuambie. Halafu tupake mbele na ubavu mmoja, ule unaoonekana barabarani. Nyuma nani anapaona?"

Simu nilikuwa nimeiweka sauti kubwa. Mama, aliyekuwa amenyoosha mguu wake kwenye stuli, akajibu kabla yangu.

"Mimi napaona. Jiko langu liko nyuma. Kuku wangu wako nyuma. Mimi naishi nyuma, mwanangu, ninyi ndio mnapita mbele."

Mdogo wangu akasema, "Sawa, Mama. Kuta zote."

Goti lilipopata nafuu nilimrudisha nyumbani, na kesho yake asubuhi tukaanza kupima. Nilikuja na ile futi yangu ya ushonaji, lakini ilikuwa fupi kwa ukuta, kwa hiyo nikaazima ndefu ya chuma kwa jirani. Mama akashika ncha moja, mimi nikatembea na nyingine. Nilikuwa nimezoea kupima madirisha ya watu: nyumba za wafanyakazi wa serikali, hoteli, kanisa moja kubwa kule Mbeya. Nikiingia mahali macho yangu huwa yanakata kitambaa yenyewe. Lakini nyumba ya Mama sikuwahi kuipima hata kwa mawazo. Kwangu ilikuwa nyumbani tu.

Tulipokuwa tunauzunguka ukuta, Mama akawa anazungumza, kwa Kihehe na Kiswahili vikichanganyika kama kawaida yetu. Hapa palipo na dirisha la sebule ndipo fundi wa kwanza alipokimbia kazi, akaja mwingine akakuta kona imepinda, ikabomolewa. Pale kwenye chumba cha kati ndipo sisi watoto tulipokuwa tunamwagia maji tofali asubuhi kabla ya shule, maji tuliyoyachota mto Ruaha Mdogo na kupanda nayo, ndoo kichwani. Ukuta wa nyuma ulingoja misimu mingi ya nyanya. "Mwaka ule bei ilianguka," akasema, "nikanunua mfuko mmoja tu wa saruji, nikaukalia ndani kama mtu anayelea yai."

Nilikuwa naandika urefu na kimo nyuma ya bahasha, na kadiri namba zilivyoongezeka ndivyo nilivyokuwa nashangaa. Ilikuwa nyumba kubwa. Mwanamke mmoja, na meza ya nyanya kando ya barabara.

Palipotutatiza ni ile pembetatu ya ukuta iliyo juu, chini ya paa. Hatukuwa na ngazi ya kufika. Nikakumbuka kitambaa: ukikata kipande kirefu kwa mshazari unapata pembetatu mbili zinazolingana. Pembetatu ya upande huu na ya upande ule zikilazwa pamoja ni ukuta mmoja mfupi. Nikapima upana chini, nikakadiria kimo kwa ufito mrefu wa Mama wa kuangulia parachichi, nikaandika. Nikatoa madirisha na milango. Nikaongeza nguzo za baraza.

"Sasa tumejua ukubwa," nikasema.

"Bado hatujajua kiu," Mama akasema.

Sikumwelewa. Akachukua kikombe cha maji, akamwaga kwenye ukuta wa mbele. Maji yakateremka mpaka chini, yakaacha michirizi. Tukazunguka nyuma, akamwaga kikombe kingine kwenye lipu mpya. Maji hayakufika hata nusu ya safari. Ukuta uliyameza.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipopata akili. Nikapanda dukani juu mjini, nikanunua makopo mawili madogo ya rangi nyeupe ya nje, ya lita moja moja. Kopo la kwanza nikalipaka mbele mpaka likaisha, nikapima eneo lililofunikwa. La pili nikalipaka nyuma. Tofauti ilikuwa kubwa: lita iliyotosha mbele kufunika ukuta wa chumba kizima, nyuma iliishia ubavuni mwa dirisha. Mama alisimama na fimbo yake akitazama mabaka mawili meupe kwenye nyumba yake, jirani mmoja akapita, akasalimia, "Kamwene," akauliza kama kuna ugonjwa umeingia. Mama akamjibu kuwa nyumba inapimwa damu.

Usiku ule sikuhitaji kukesha. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla ya chakula cha jioni. Mkono wa kwanza wa rangi, mbele kiasi hiki, nyuma karibu mara mbili. Mkono wa pili, kuta zote sawa, kwa sababu kiu itakuwa imekatwa. Jumla ikaja ndoo mbili kubwa na makopo mawili ya galoni. Ilikuwa karibu nusu ya alichosema mwenye duka.

Nilirudi Mbeya nikamwambia. Akavaa miwani yake, akasoma bahasha, akaniangalia. "Dada, mafundi watakumwagia rangi. Chukua na nyongeza. Ikibaki utapaka choo."

"Choo nimeshakipima," nikamwambia. "Kimo ndani ya hesabu."

Akacheka, akawasha mashine. Nilisimama pale nikiangalia rangi ikidondoka kwenye ndoo, matone mekundu na ya njano yakizama kwenye nyeupe, mashine ikaitikisa, na kifuniko kilipofunguliwa lilikuwa pera lenyewe. Nikikosea, nyumba ya mama yangu ingekuwa na kiraka maisha yake yote, na mkosaji angekuwa mimi, si fundi wala duka.

Basi liliniteremsha Ipogolo na mizigo yangu saa za mchana. Fundi wa palepale, mtu wa makamo aliyeipaka rangi nyumba ya mchungaji, akaanza kesho yake. Kabla hajachovya rola, Mama aliagiza ukuta wa nyuma ulowanishwe kwanza. Tukaulowanisha sote wawili, kwa ndoo na kata, kama tulivyofanya zamani kwa tofali. Hata hivyo mkono wa kwanza ulikula zaidi ya nilivyoandika. Fundi alikuwa mzuri lakini mkono wake mzito, anapenda ukuta ushibe. Alipomaliza mzunguko nilichungulia ndoo, nikaona kilichobaki. Kwa hesabu yangu kingetosha mkono wa pili kwa shida, bila hata kijiko cha ziada.

Nikamvuta Mama pembeni, nikamwambia ukweli. Hakushtuka. Akamwita fundi.

"Mkono wa pili anzia nyuma."

"Mama, kwa kawaida tunaanzia mbele," fundi akasema. "Ikipungua, ipungue kule kusikoonekana."

"Ndiyo maana nasema anzia nyuma. Ikipungua nyuma, wanangu wataniambia tutamalizia baadaye, Mama, na baadaye naijua, nimeishi nayo. Ikipungua mbele, barabarani, hawatalala."

Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akaegemea ngazi. Mimi nilicheka pia, ingawa maneno yalikuwa yamenigusa mahali. Alikuwa anatujua vizuri mno.

Akaanzia nyuma. Nami nikachukua rola ya pili, kwa sababu mkono wangu ni mwepesi. Kwenye kitambaa ukibonyeza sana unaharibu. Nikamwonyesha fundi jinsi ninavyoivuta rangi mpaka iishe kwenye rola kabla ya kuchovya tena, naye akanifundisha kuvuka kutoka ukuta wenye unyevu kwenda mkavu bila kuacha mstari. Tukaenda hivyo, yeye juu ya ngazi, mimi chini. Nyuma kukamalizika. Ubavu wa mashariki. Ubavu unaoonekana barabarani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti uani akichambua mboga, na kila tulipohama alihamisha kiti chake atuone.

Mbele tulifika ndoo ikiwa inalia tupu. Tukamimina galoni ya mwisho. Tukapaka kuzunguka mlango, chini ya madirisha, nguzo za baraza. Ulipobaki ukuta ulio kati ya dirisha la sebule na kona, fundi aliinamisha ndoo, nikakwangua pembeni kwa brashi, tukakamua rola zote mbili. Nikapaka nikielekea kona nikiwa sipumui. Rola ilifika konani ikiwa bado na unyevu.

Fundi akageuza ndoo kichwa chini, akaigonga. Hakikutoka kitu. Akavua kofia yake, akampa Mama mkono, kisha akanipa mimi.

"Nimepaka nyumba nyingi," akasema. "Sijawahi kuona rangi inaisha pamoja na ukuta."

Jua lilikuwa linaelekea magharibi, na ile rangi, iliyokuwa imeanza kukauka, ikawa nzito na tulivu. Mama aliinuka bila fimbo. Alitembea polepole kuizunguka nyumba yake, peke yake, nasi tukamwacha. Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa kavu. "Imefika," akasema. "Imefika kote."

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja na kina mama wa usharika kuibariki nyumba. Mdogo wangu alisafiri kutoka Dodoma. Alisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu na begi lake begani kabla ya kuvuka, na alipofika alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Ulipima kweli, dada." Tuliimba, tukaomba, tukala wali na kuku uani. Watu walimpongeza Mama, wakamuuliza fundi gani mkubwa alimfanyia makadirio, maana wengine wao walikuwa wamebaki na ndoo nzima nzima stoo, na wengine nyumba zao zina upande mmoja wa rangi na mmoja wa saruji.

Mama alinivuta mkono mbele yao. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaosoma, lakini nilisimama kama ninayepokea cheti.

"Ni huyu," akasema. "Huyu mnayemwona anashona mapazia. Nyumba niliijenga mimi. Aliyejua ukubwa wake ni huyu."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wao, jirani wa nyumba ya tatu, alinisubiri mpaka wengine wametawanyika, akaniuliza kwa upole kama kesho, kabla sijapanda basi la Mbeya, ningepata nafasi ya kupita kwake. Nikamwambia nitakuja asubuhi, na ateke maji ya kumwagia kuta.