Damu Isiyo na Anwani

Abigail aliingia bila kubisha hodi. "Method, acha hicho unachofanya. Houston kuna mama anatutoka."

Method Rwegasira alikuwa mtunzaji wa hifadhidata katika kituo cha damu huko Grand Prairie. Abigail, mzaliwa wa Moshi, alikuwa mkuu wa maabara ya kituo hicho. Mbele ya wenzao walizungumza Kiingereza, lakini mambo yakiharibika Kiswahili kilitoka chenyewe.

Mama huyo aliitwa Truphosa, Mkenya anayeishi mtaa wa Gulfton, Houston. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike asubuhi ile, kisha damu ikakataa kusimama. Madaktari walipunguza kuvuja kwake, ila mwilini ilibaki damu kidogo mno. Tena ilikuwa ya aina adimu, inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, na hata kwao ni wachache. Zamani aliwahi kuongezewa damu ya kawaida, na tangu hapo mwili wake ulijifunza kuishambulia. Wakimpa tena, ingeweza kummaliza.

"Nimeuliza mfumo mpya," Abigail alisema. "Unasema hatuna."

"Mfumo mpya hauna habari za mifuko ya zamani," Method akajibu, tayari amesimama. "Kumbukumbu za ile iliyogandishwa bado ziko kwenye kompyuta kuukuu. Hatujazihamisha."

Walikwenda chumba cha nyuma. Abigail aliweka simu mezani, na sauti ya Naserian, muuguzi wa Houston, ikajaa chumbani. "Mmepata? Pressure yake inashuka."

"Tunatafuta, dada."

"Mnatafuta aje? Si mna-type tu aina ya damu?"

Ndivyo kila mtu anavyodhani. Method alijua sivyo, kwa sababu alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Arlington aliandika tasnifu yake juu ya watafiti wa mwanzo wa hifadhidata. Mkewe, Pelagia, alikuwa akimtania: "Wenzako wanasoma akili mnemba, wewe umekalia makaburi." Mashine ile ilitoka kwenye makaburi hayo. Habari zake zilipangwa kama mti: shina ni kituo, matawi ni wachangiaji, na chini ya kila mchangiaji kuna mifuko yake. Ukimjua mchangiaji, unaufikia mfuko mara moja. Usipomjua, huna pa kuanzia. Watafiti wale walisumbuka miaka mingi na swali hilohilo: mtu afanyeje ili aulize anachokitaka bila kujua kilikowekwa?

"Anza na majina ya kwetu," Abigail alisema. "Wakenya, Wanigeria, Watanzania. Damu hii ni ya Waafrika."

Method alisita. Lilikuwa wazo zuri, na kwa haraka waliyokuwa nayo lilivutia. Kisha akatikisa kichwa. "Wamarekani weusi wanaitwa Johnson na Williams, Abigail. Tutawaruka wote."

"Sasa?"

"Nisome mti mzima mara moja, tawi kwa tawi. Kila nikikuta mfuko, niandike aina yake pembeni na ulipo. Kama faharasa nyuma ya kitabu. Nikimaliza, tunauliza aina tu."

"Na kabla hujamaliza?"

"Hatutakuwa na kitu."

Abigail aliitazama simu. Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa akilia, na mtu akiita daktari kwa sauti. "Fanya," alisema.

Method aliandika programu fupi, akafuta mstari, akaandika tena. Alipoiwasha, mashine ilianza kunguruma kama gari linalopanda mlima na mzigo. Katikati ya kazi skrini ikaganda. Abigail alinyoosha mkono kuelekea kitufe cha kuzima.

"Usiguse!" Method alipaza sauti, kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha bosi wake. "Ukizima tunaanza upya."

Wakasimama pale. Naserian aliuliza kama bado wapo. Method alikuwa anasali kwa Kihaya, midomo tu ikicheza. Kisha skrini ikasogea.

Majibu yalipotoka yalikuwa mawili. Mifuko miwili, yote katika jokofu ambalo lilishatolewa kituoni.

"Rafu zake tulizihamishia jokofu jipya kama zilivyo," Abigail alisema, na tayari alikuwa anakimbia, huku akivaa glavu nzito za baridi.

Nafasi ya kwanza ilikuwa tupu. Method alishika mlango wa jokofu kwa mikono miwili, mvuke wa baridi ukimpiga usoni. Abigail alivuta kasha la pili, akapangusa barafu kwenye lebo, akasoma kimyakimya, akasoma tena. Halafu akaukumbatia mfuko ule kifuani, glavu na yote.

Uliyeyushwa, ukaoshwa dawa ya kugandishia, ukapelekwa Houston kwa ndege ndogo. Mchangiaji wake alikuwa Williams, fundi mabomba wa Mesquite.

Naserian alipiga simu jioni. Alikuwa analia. "Amefungua macho. Ameulizia mtoto."

Method alimshukuru, akaenda kukaa kidogo ndani ya gari lake kabla ya kuliwasha. Nyumbani alimsimulia Pelagia kila kitu, naye safari hii hakumtania. Wiki zilizofuata hakugusa kazi nyingine hadi kumbukumbu zote za mashine kuukuu zilipohamia mfumo mpya.

Mwaka uliofuata, Truphosa alipoambiwa na madaktari kwamba sasa ana nguvu za kutosha, alikuja Grand Prairie na mumewe ili damu yake nayo igandishwe. Abigail alimwita Method amwone. Alimkuta amelala kwenye kiti cha kutolea damu, mkono umenyooshwa, mtoto amekaa mapajani mwa baba yake akitafuna funguo za gari.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Pole kwa yote."

"Basi hii yangu uiweke mahali itaonekana," Truphosa alisema. "Kuna mwenye ataihitaji, na hatakuwa na saa nyingi."